Kiwanja cha Nyakiriba Hupimwa kwa Tani

Anayetafuta kiwanja Nyakiriba huanza na swali moja: kinauzwa kiasi gani? Komisiyoneri, ndivyo dalali wa ardhi anavyoitwa Rwanda, naye hulisubiri swali hilohilo, maana ndilo jepesi kulijibu. Kwangu mimi hilo ni swali la nne. Kabla yake ningeuliza ardhi inashuka kiasi gani kwa kila mita kumi, gari linaishia wapi, na mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayokula akiba ya familia, na hakuna hata moja linaloandikwa kwenye mkataba wa mauzo.

Nyakiriba ni moja ya tarafa 12 za wilaya ya Rubavu, ile ambayo watu wa upande wa pili wa mpaka bado wanaiita Gisenyi. Wanyarwanda wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya gereza lililojengwa huko. Anayepita na basi la Musanze kwenda mjini Gisenyi huona zaidi vilima: viazi, maharage, migomba, nyumba za mabati zimeshikilia mteremko, na chini kabisa ya bonde mto Sebeya.

Tuanze na watu, kwa sababu wao ndio wanaopandisha bei ya ardhi. Sensa ya 2012 iliikuta Rubavu na watu 403,000 na ushei. Ya 2022 ikawakuta zaidi ya 546,000. Wilaya nzima ina kilomita za mraba 388, nazo haziongezeki. Ukigawa, mwaka 2012 kila mtu angepata mita za mraba 960 hivi. Mwaka 2022 angepata 710. Ndani ya miaka kumi kila mkazi, hata mtoto wa mgongoni, amepoteza mita za mraba 250. Fungu hilo ni la kila kitu: nyumba, shamba, barabara, shule, msitu na kaburi. Kwa nchi nzima, yenye watu takriban 503 kwa kila kilomita ya mraba, fungu la mtu mmoja ni karibu mita 2,000. Mtu wa Rubavu anaishi kwenye zaidi kidogo tu ya theluthi moja ya nafasi aliyo nayo Mnyarwanda wa wastani.

Ndiyo maana serikali haimruhusu mtu kujenga popote apendapo. Tangu miaka ya tisini Rwanda imefuata sera ya imidugudu: nyumba za kijijini zikae pamoja kwenye maeneo yaliyopangwa, mashamba yabaki mashamba. Kila kipande cha ardhi kina matumizi yake katika ramani ya mipango, na shamba la kilimo haligeuki kuwa kiwanja cha nyumba kwa sababu tu mnunuzi ana fedha mkononi. Nimeona watu wazima, wasomi, wakinunua shamba zuri la viazi kwa bei ya furaha, kisha wakakaa nalo miaka wakilima viazi wasivyovitaka. Bei ilikuwa ya shamba, na walichopewa kilikuwa shamba.

Kuhakikisha hilo ni rahisi Rwanda kuliko kwa majirani zake wengi. Kati ya 2009 na 2013 nchi iliandikisha ardhi yake yote, vipande zaidi ya milioni 10, na kila kimoja kikapewa namba inayoitwa UPI. Namba hiyo inasomeka kama anwani. Ya Nyakiriba huanza na 3/03/08: 3 ni Mkoa wa Magharibi, 03 ni Rubavu, 08 ni Nyakiriba. Baada yake inafuata namba ya kata, yaani akagari, halafu ya kipande chenyewe. Komisiyoneri akikuambia kiwanja kipo Nyakiriba na UPI ikasomeka 3/03/05, umepelekwa tarafa ya Kanama. Hapo uliza kulikoni kabla ya kuuliza kitu kingine.

Kwa UPI utajua mwenye ardhi ni nani, ukubwa, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani ya benki. Soma majina yote. Ardhi nyingi zimeandikwa kwa jina la mume na mke pamoja, na bila ridhaa ya wote wawili hakuna mauzo. Mume anayesema mke wake amesafiri na atasaini baadaye, mwambie utarudi siku atakaporejea.

Kuna mtego mmoja ambao chanzo chake ni hesabu tupu. Ada ya kuhamisha ardhi kutoka jina la muuzaji kwenda la mnunuzi kwa miaka mingi ilikuwa faranga 30,000, iwe ardhi ndogo au kubwa. Kenya hutoza kwa asilimia: ushuru wa stempu ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na 4 kwa ya mjini. Ada isiyobadilika humwelemea mdogo. Kwa kipande cha faranga 600,000, elfu thelathini ni asilimia 5. Kwa kiwanja cha milioni 30 ni moja ya kumi ya asilimia. Ongeza kwamba sheria ya ardhi ya 2013 ilikataza kugawa shamba la kilimo likawa chini ya hekta 1, wakati familia nyingi hazikuwa na hekta hiyo tangu awali. Basi watu wakauziana kwa karatasi, mbele ya mashahidi, bila kufika kwa mthibitishaji wa ardhi. Sheria mpya ilikuja 2021, na tangu 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki, lakini karatasi za miaka ile bado zimo kwenye masanduku ya watu. Muuzaji akikutolea moja, jua kwamba mbele ya sheria mwenye ardhi ni yule aliyemo kwenye daftari, na huenda ameshafariki na ana warithi sita.

Sasa tujenge.

Nimechukua nyumba ya mfano, ya kawaida kabisa: mita 8 kwa 10, vyumba vitatu, sebule, stoo, jiko la nje. Sitataja bei za vifaa. Mwishoni mwa 2022 mfumuko wa bei mijini Rwanda ulipita asilimia 20 kwa mwaka, na bei niliyoandika leo ingekuwa imekufa kabla hujafika Mahoko sokoni. Kiasi cha vifaa hakibadiliki namna hiyo. Mfuko wa saruji ni kilo 50 leo na kesho. Chukua kiasi hiki, zidisha kwa bei ya siku yako.

Kuta za nje zina urefu wa mita 36, za ndani tuseme 26. Jumla 62. Kwa kimo cha mita 2.7, ukitoa milango na madirisha, unabaki na mita za mraba 145 za ukuta. Kwa matofali ya kuchoma, madogo, yaliyopangwa kwa upana mmoja, kila mita ya mraba hula kama 60: jumla 8,700. Kwa rukarakara, tofali la udongo lililokaushwa juani, lenye urefu wa sentimita 40, upana 20 na kimo 15, zinatosha 14 kwa mita: takriban 2,030.

Msingi wa mawe wenye upana wa nusu mita na kimo cha sentimita 80 hula mita za ujazo 25. Saruji ya msingi ni kama mifuko 60, sakafu 34 na ya kusawazishia juu yake 13, lipu ndani na nje 31, na mkanda wa zege unaofunga kuta zote juu ya madirisha 17. Jumla 155. Mabati ya mita 3, ukihesabu paa linalotokeza sentimita 60 kila upande, ni 54 hivi.

Fundi yeyote mzuri atakupa namba zinazokaribiana na hizo kwa ulimi, bila kalamu. Lakini atakupa za kiwanja tambarare. Nyakiriba tambarare ni chache, na zilizopo zina wenyewe.

Nenda kwenye kiwanja na mpira mwembamba wa plastiki, ule unaoonyesha maji ndani, ambao mafundi hutumia kupimia usawa. Chomeka kijiti juu ya kiwanja na kingine mita kumi chini yake. Jaza mpira maji, mmoja ashike ncha ya juu ardhini, mwingine anyanyue ncha ya chini kandokando ya kijiti mpaka maji yatulie usawa pande zote mbili. Pima kutoka ardhini hadi kwenye maji, huku chini. Ukipata mita 1, mteremko ni asilimia 10. Ukipata mita 2, ni asilimia 20. Kazi hii haichukui dakika kumi, na sijaona kipimo kingine kinachookoa fedha nyingi kiasi hicho kwa muda mfupi kiasi hicho.

Nyumba yetu inahitaji uwanja sawa wa mita 10 kwa 12, ili kubaki na njia ya kupita kuizunguka. Mafundi wengi hupenda kuchimba nusu ya juu na kujaza nusu ya chini, kwa kuwa udongo wa kuchimba unakuwa mdogo: kwa mteremko wa asilimia 20 ni mita za ujazo 30 tu. Ubaya wake ni kwamba nusu ya nyumba imesimama juu ya udongo uliotifuliwa jana. Mvua mbili zikipita, upande huo unashuka, na ufa unaanzia kwenye kona ya dirisha. Ukitaka nyumba nzima ikae juu ya ardhi ya asili, unachimba kote, na udongo unakuwa mita za ujazo 120. Mara nne. Mchimbaji mmoja mwenye nguvu hutoa mita mbili na nusu kwa siku. Hizo ni siku 48 za kazi kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na kama huna pa kuumwaga udongo huo ndani ya kiwanja, ni kama safari 2,500 za toroli.

Kisha nyuma ya nyumba unabaki na ukuta wa udongo wenye kimo cha mita 2, umesimama wima, unasubiri mvua. Lazima uzuiwe kwa mawe. Ukuta wa mawe wa kimo hicho, upana wa mita 1 chini na sentimita 40 juu, urefu wa mita 12, unahitaji mita za ujazo 17 na mifuko 37 zaidi ya saruji.

Mteremko wa asilimia 10 ungekuwa na udongo wa mita 60 na ukuta wa mita za ujazo 5 na nusu. Wa asilimia 40, ambao Nyakiriba si ajabu hata kidogo, una udongo wa mita 240 na ukuta wenye kimo cha mita 4. Hapo hesabu inabadilika sura. Udongo umeongezeka maradufu ukilinganisha na asilimia 20, lakini nguvu ya udongo unaousukuma ukuta imeongezeka mara nne, kwa sababu msukumo hukua kwa mraba wa kimo. Mawe yanafika karibu mita za ujazo 58. Ukuta huo peke yake ni mawe mara mbili na zaidi ya msingi wa nyumba yenyewe, na hautakiwi kujengwa na mtu asiyeuwekea mashimo ya kutolea maji. Nasema hivi kwa uchungu: kiwanja cha namna hiyo ndicho kinachouzwa rahisi, na anayekinunua ni yule asiye na fedha za ukuta.

Swali la pili, gari linaishia wapi. Tuchukue kiwanja cha asilimia 20. Mawe ya msingi na ya ukuta ni kama tani 71. Mchanga, mita za ujazo 23, ni tani 37. Kokoto tani 10. Saruji, mifuko 190 na ushei, karibu tani 10. Jumla tani 128, na hapo sijaweka mbao, mabati wala tofali hata moja.

Tuseme lori linasimama kwenye barabara ya udongo na kiwanja kiko mita 300 juu, kwa njia ya miguu. Mzigo wa mtu ni kilo 50. Tani 128 ni mizigo 2,560. Kila mzigo ni mita 300 kupanda na 300 kurudi: jumla kilomita 1,536. Kutoka Gisenyi hadi Kigali kwa barabara ni kilomita 155 hivi. Nyumba yako itabebwa umbali wa kwenda Kigali karibu mara kumi, nusu yake ikiwa ni kupanda na mfuko kichwani. Mtu akipiga safari 15 kwa siku, ni siku 171 za malipo. Nimewahi kusimama kwenye njia kama hiyo asubuhi ya mvua. Mwanamke aliyekuwa amebeba saruji alivua kandambili zake, akaziweka pembeni ya njia, akapanda miguu mitupu ili vidole vishike tope. Mfuko ulikuwa umefunikwa kwa mfuko mwingine wa nailoni, yeye hakuwa na kitu. Unapoambiwa kiwanja cha juu ni nafuu kuliko cha barabarani, tofauti hiyo ya bei ilinganishe na siku 171 za watu wa namna hiyo, na uwalipe ipasavyo.

Hapa ndipo rukarakara inapopata heshima yake. Matofali 8,700 ya kuchoma ni tani 18 nyingine, mizigo 360 zaidi kwenye njia ileile, pamoja na kuni zilizokatwa kuyachoma. Rukarakara 2,030 zina uzito wa tani 41, lakini tani hizo hazipandi popote. Ni mita za ujazo 24 na nusu za udongo, na wewe umeshachimba 120 nyuma ya nyumba. Rwanda inairuhusu rukarakara kwa nyumba zisizo na ghorofa, kwa masharti ya kitaalamu, na masharti yenyewe ni ya busara: msingi wa mawe unaoinuka juu ya ardhi, paa linalotokeza vya kutosha, lipu nje. Si kila udongo unafaa. Ule mweusi wa juu wenye mboji uweke kando kwa bustani, na ule wenye majivu mengi ya volkano humeguka. Finyanga tofali tano, ziache wiki tatu kivulini, kisha ziangushe kutoka usawa wa kiuno. Zikibaki nzima, endelea.

Mkanda wa zege usiuache hata kama fundi anasema nyumba za udongo haziuhitaji. Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, Rubavu ilitikiswa na mitetemeko siku kadhaa mfululizo, mingine ikapita kipimo cha 5, na nyumba nyingi za Gisenyi zikapasuka. Mkanda wote ni mifuko 17 ya saruji na nondo kama 24 za mita 12. Ni sehemu ndogo ya gharama, na ndiyo inayozizuia kuta nne zisiende kila mmoja upande wake.

Limebaki la maji. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda na kuharibu nyumba zaidi ya 5,000. Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Sebeya ulitoka kwenye kingo zake, na huku juu vilima vikaporomoka juu ya watu waliolala. Sheria inakataza kujenga karibu na ukingo wa mto. Mtu wa kilimani husikia hilo akajiona salama, wakati kilichowaua wengi kilikuwa ukuta wa udongo nyuma ya nyumba zao.

Angalia paa lako. Ukubwa wake, ukiangaliwa kutoka juu, ni mita za mraba 103. Kila milimita 1 ya mvua ni lita 103. Mvua kubwa moja ya milimita 50 inamwaga lita 5,150, karibu zote ndani ya saa chache, kwenye mstari mwembamba chini ya ukingo wa bati, palepale penye msingi. Zidisha kwa nyumba 20 za umudugudu: lita 103,000 zinashuka kwa pamoja kwenye korongo lililo mbele ya jirani wa chini. Kabla ya nyumba hizo, sehemu kubwa ya maji hayo ilikuwa inanywewa na shamba la viazi.

Maji hayohayo, ukiyakamata, ni mali. Sehemu hii ya Rwanda hupata zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka. Hata ukipoteza humusi moja, paa linakupa lita 98,000. Familia ya watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku inahitaji 36,500. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, inataka lita 9,000 zilizohifadhiwa. Tangi la lita 10,000 linatosha, na mfereji wa bati wa mita 22 kwa pande mbili za paa. Kufurika kwake kupelekwe kwenye shimo lililojazwa mawe, upande wa chini, mbali na choo na mbali na msingi wa jirani.

Ninachokiomba kwa anayejenga Nyakiriba ni mpangilio wa matumizi. Watu hununua kiwanja, hujenga kuta, hupiga bati, huhamia, na mfereji wa maji pamoja na ukuta wa nyuma husubiri mavuno ya mwakani. Ukuta wa nyuma uje kabla ya msingi. Mfereji na tangi vifungwe siku ileile bati linapigiliwa misumari, hata kama maana yake ni kulala mwaka mzima kwenye nyumba isiyo na lipu ndani, sakafu ikiwa bado udongo. Lipu ya ndani inaweza kungoja. Mvua za Aprili hazingoji, na mtu wa mteremko wa juu yako naye amepiga bati jipya mwezi uliopita, hana mfereji.